Sufuria Aliyoipata Haboba

Chini ya kitanda cha Mama kuna gunia, na ndani ya gunia kuna sufuria isiyopikia kitu. Ni ya alumini, nene, ya zamani. Karibu na mdomo imebonyea na kutoboka mahali jembe lilipoigonga. Kila tulipohama Mama alihama nayo. Aliacha viti, akaacha hata kabati, lakini gunia lile alilipakia kwa mkono wake mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza sababu kwa kuwa nilidhani naijua: ameiweka ili mimi nisisahau nilichofanya. Nikiinama kufagia chini ya kitanda, harufu ya udongo mkavu hunipanda puani, na mimi mtu mzima mwenye watoto wangu nasimama na ufagio mkononi kama mtu aliyefumaniwa.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Oli, mtaa wa mjini Arua, kwenye mteremko unaoshuka mtoni, katika nyumba ya vyumba viwili na baraza. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, leo Koboko, kesho mpakani, nyumbani anakuja kulala na kubadili shati. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake: Mama, mimi na Haboba. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na huyu wetu alikuwa mama mzazi wa Baba. Alizaliwa Abuku, kijijini upande wa Koboko, kwa wakulima, akaolewa mjini Koboko na mjukuu wa askari wa Kinubi, akajifunza Kinubi na mapishi yake na kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi nyingi, hadi Wanubi wenyewe wakawa wanakuja kununua kwake.

Ugonjwa ulimwingia polepole, na mimi niliuona kwanza kama uchamungu. Alikuwa akiswali Adhuhuri, akimaliza anakunja mkeka, anatawadha, anautandika tena na kuswali Adhuhuri ile ile. Mara nyingine hakuondoka mkekani mpaka Alasiri inamkuta. Niliwaambia wenzangu madrasa kwamba bibi yangu anamzidi imamu kwa ibada, nao wakanionea wivu. Tabaga alizokuwa akisuka zilianza kwenda upande, rangi nyekundu ikiingia palipotakiwa nyeusi, na mimi nikadhani ni mtindo mpya.

Mama ndiye aliyeelewa kwamba kuna jambo, ila hakujua ni jambo gani. Haboba alikuwa akila, sahani haijaoshwa, anatoka na kusimama njiani.

"Hii mwanamke hapana nipa chakula," aliwaambia wapitaji. "Wao nakula, mimi nalala na njaa."

"Haboba, wewe umekula sasa hivi! Sahani iko hapa, angalia!"

"Hiyo sahani ya nani? Mimi hapana kula."

Basi walibishana hivyo kutwa. Mama alikuwa na hoja zote na Haboba hakuwa na hata moja, lakini aliyeshindwa kila siku ni Mama. Usiku alilala amejifunga kamba mkononi, ncha ya pili ikiwa kwenye kitasa cha mlango, ili Haboba akitoka ajue. Asubuhi alama ya kamba ilikuwa mkononi mwake, nyekundu, na akiniona naitazama anashusha mkono wa gauni. Alikuwa mwanamke mcheshi zamani. Alikuwa akimtania Haboba na Haboba akimtania. Sasa utani wote uliisha, nikamwona Mama kama mtu mkali, na kwa siri nikachagua upande wa Haboba.

Kitu ambacho Haboba hakukisahau ni sufuria yake. Watu wazima wa kwetu wote wanayo hadithi ya namna hiyo. Vita vilipokuja na watu wakawa wanakimbilia Sudan na Kongo, hakuna aliyeweza kubeba nyumba kichwani, kwa hiyo walichimba mashimo na kufukia vyombo: masufuria, sahani, vichwa vya cherehani. Haboba alifukia sufuria kubwa ya harusi yake, ameijaza sahani ndani. Juu yake akapanda boga ili udongo usionekane mpya. Waliporudi baada ya miaka, nyumba ilikuwa msitu na maboga yalikuwa yametambaa kila mahali. Alichimba hapa na pale, akachoka, akanunua sufuria nyingine, maisha yakaendelea. Alikuwa akitusimulia huku akicheka.

Ugonjwa ulipomzidi, kicheko kilitoka kwenye hadithi na ikabaki hamu peke yake. Alianza kuchimba. Jua likianza kulainika anachukua jembe la Mama lililokatika mpini na kwenda nyuma ya jiko. Ua wetu ulikuwa mgumu, umepigwa na kufagiliwa miaka mingi, na jembe lilikuwa likiruka tu. Mama anamnyang'anya.

"Sufuria yako ilifukiwa huko Koboko, si hapa! Hapa Arua wewe nafukia nini?"

Haboba anamtazama kama mtoto aliyeambiwa hana kwao. Halafu analia. Mimi sikuwahi kuona mtu mzee akilia kwa sauti, na nilitamani kufanya lolote lile la kunyamazisha kilio kile.

Siku moja nilimsikia Mama akimwambia Baba, "Akili yake yote iko kwa ile sufuria." Nikalibeba neno hilo nikakaa nalo. Kichwani mwangu jambo likawa rahisi kabisa: akili ya Haboba imefukiwa, imelala ndani ya sufuria pamoja na sahani. Akiipata atasuka tena vizuri, ataacha kumtangaza Mama njiani, Mama atafungua kamba mkononi. Ya harusi ilikuwa mbali, lakini sufuria ni sufuria. Tulikuwa nayo moja kubwa, nene, ambayo Mama alichemshia maharage.

Niliichukua Mama alipoenda sokoni. Nilijaribu kwanza nyuma ya jiko na sikuweza hata kuukwaruza ule ua. Udongo laini ulikuwa upande wa pili, kwa jirani yetu Mama Adiru, aliyekuwa amepiga matuta mapya ya viazi. Kati yetu na yeye palikuwa na mstari wa mawe tu, mimi nauruka kila siku nikienda kucheza na wanawe. Nilichimba tuta la mwisho kwa mikono na kipande cha kibuyu, nikalaza sufuria, nikafukia, nikasawazisha. Kisha nikamwendea Haboba alipokuwa ameketi na jembe lake mapajani.

"Haboba, si uliifukia huku, penye udongo laini?"

Aliutazama udongo wa matuta. Akainuka, akaruka mawe yale kwa mguu mwepesi ambao sikuujua, akachimba. Jembe lilipogonga alumini, mlio ule ulimsimamisha. Alipiga magoti. Aliifukua kwa viganja, akaifuta kwa kanga, akaikumbatia na udongo wake wote, akacheka. Alicheka kicheko cha zamani, kile cha tumboni, mdomo wazi, akanishika shavu na kuniita kwa jina langu. Langu mimi. Siku nyingi alikuwa ananiita kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

"Nilijua," akasema. "Nilijua iko hapa."

Hapo ndipo Mama Adiru alipotoka nyuma ya nyumba yake.

Mama Adiru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitugawia mboga, na sisi tukimpelekea chakula siku ya Iddi. Lakini kitinda mimba wake alikuwa na homa tangu juma lililopita na haishuki, na watu wa kwetu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa risasi. Kuna watu, husemwa, wanaofukia dawa kwenye ua wa jirani, na mtoto wa jirani anakauka. Naye alikuwa ameona mwanamke mzee, kwenye tuta lake, amepiga magoti, mikono kwenye udongo. Alipiga ukelele uliokusanya mteremko mzima.

Wakaja watu, akaja chairman wa mtaa, akaja Mama mbio na kapu la sokoni bado kichwani. Baba kwa bahati mbaya au nzuri alikuwa amerudi. Haboba alisimama katikati amekumbatia sufuria, akitabasamu, akiwaonyesha.

"Hii mama naweka nini kwa shamba yangu?" Mama Adiru alikuwa akilia. "Mutoto yangu iko nakufa, na yeye nacheka!"

Nililazimika kusema. Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, na nilikuwa na hakika kwamba kweli ikitoka tu watu watacheka na kurudi makwao.

"Si Haboba," nikasema. "Ni mimi. Mimi nilifukia."

Hakuna aliyecheka. Mama Adiru akanitazama, akamtazama Haboba, akarudi nyuma hatua.

"Mnasikia? Tayari nafundisha mutoto."

Nilieleza. Nilieleza habari za akili na sahani na maboga, na kila nilivyoeleza nyuso zilizidi kukunjamana. Mama alinishika mkono akaniburuta ndani, akanipiga kama hajawahi. Hakunipiga kwa ajili ya sufuria. "Nani alikuambia useme? Nani alikuambia?" alikuwa akisema huku analia, na mimi nikajifunza kwamba kosa langu lilikuwa kumpenda Haboba mbele za watu.

Uamuzi ulikuwa wa Baba. Chairman alimshauri kwa upole: mzee apumzike shambani kwao kidogo, maneno yapoe, na mtoto akae mbali naye. Asubuhi lori lilisimama nje. Haboba alidhani tunakimbia tena vita. Alifunga kanga yake, akauliza kama maji yamebebwa, akatuhimiza tufanye haraka. Alipokuwa ameshapandishwa mbele kando ya Baba ndipo alipokumbuka.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Mama alikuwa ameificha chini ya kitanda usiku ule, akiogopa watu wataona inatoka na kusema tunahamisha dawa. Alisimama kando ya gurudumu, macho yamevimba.

"Hakuna sufuria, Haboba," akasema.

"Nilipata."

"Hukupata. Hakuna."

Mtoto wa Mama Adiru alipona, ilikuwa malaria tu. Wala hakuna aliyekuja kusema walikosea, na Haboba hakurudishwa. Alikaa Abuku kwa mke wa marehemu kaka yake. Walinipeleka kumwona mara moja, siku ya Iddi. Nilimkuta kwenye shamba la muhogo, amechimba mashimo kama ya mtu anayetaka kupanda migomba. Aliniita nimsaidie, hakuniita kwa jina. Nilikuwa nimeahidi nyumbani kwamba sitagusa udongo pamoja naye. Nilisimama na gauni langu jipya, mikono nyuma, nikamtazama akichimba. Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Haya yote niliyabeba kama mzigo wangu peke yangu. Ningeacha sufuria jikoni, Haboba angefia Oli, kwenye mkeka wake. Ningefunga mdomo, pia. Nilikua nikiwa mtu anayeogopa kusaidia. Nikiona mtu analia, jambo la kwanza ninalofanya mpaka leo ni kuweka mikono nyuma.

Sasa Baba naye anasahau. Wanakaa nami mtaa wa Awindiri, yeye na Mama. Amesahau lori, amesahau njia ya Koboko aliyoijua kila shimo lake, kuna siku anasahau kijiko kinashikwaje. Kilichobaki ni swali moja, linalomjia kila alasiri.

"Mama yangu iko wapi? Mimi nilimwacha Abuku. Nani nampelekea chakula?"

"Mama yako alikufa zamani," Mama humjibu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu amechoka. Na Baba hulipokea kama habari ya leo. Analia kilio cha msiba kibichi, anauliza kwa nini hakuitwa mazishini, Mama anamwambia ulikuwepo, wanabishana. Kesho yake wanaanza upya. Nilimwona Mama amejifunga kamba mkononi tena, nikaingia bafuni nikafungua bomba ili watoto wasinisikie.

Nilisikia kwamba kwenye kituo cha afya wanafundisha watu wanaotunza wagonjwa wa kusahau. Nilimlazimisha Mama twende. Tuliketi kwenye mabenchi na watu wengine wenye macho kama yetu: mzee mmoja anayemwogesha mkewe, dada wawili wasiosemezana kwa sababu ya mama yao. Muuguzi alianza kwa kutuambia kwamba ni ugonjwa, uko ndani ya ubongo, si laana wala sumu wala ukaidi. Mama aliinamisha kichwa. Kisha muuguzi akauliza kila mmoja wetu nani humpokea ili apumzike.

"Mungu," Mama akasema, na watu wakacheka. Mimi naishi naye nyumba moja. Nilitazama viatu vyangu.

Muuguzi hakucheka. Alisema mlezi aliyechoka hawezi kuwa mpole hata akitaka, kwa hiyo zamu si anasa, ni sehemu ya dawa. Akaendelea na mambo ya mavazi, ya choo, ya milango. Mwishoni akafika kwenye maneno.

"Mgonjwa akitafuta ng'ombe aliyeuzwa zamani, usimwambie ng'ombe hayupo. Muulize alikuwa rangi gani. Tafuta naye. Ukiweza, mpatie kitu cha kushika."

"Lakini huo si uongo, sista?" yule mzee akauliza.

"Ukimwambia ukweli, anapona?"

"Hapana."

"Anafanya nini?"

Mzee alifikiri. "Analia," akasema.

Mama alisimama akatoka nje. Nilimkuta ameshika ukuta wa kituo kwa mkono mmoja, mtandio umemwangukia mabegani.

"Wewe ulikuwa najua," akasema.

"Sikujua kitu, Mama. Nilikuwa mtoto. Nilitaka tu acheke."

"Na mimi nikakupiga." Alipangusa uso kwa kiganja. "Unajua tulipomwosha Haboba kwa mazishi? Mimi nilikuwa mmoja wa waoshaji. Kucha zake zilikuwa na udongo hautoki. Nilichukua kijiti cha kiberiti, kucha moja moja, wenzangu wakaniambia yatosha. Haikutosha. Sufuria ilikuwa kwangu, chini ya kitanda. Wakati wote ule ilikuwa kwangu, na Koboko ni hapo tu, lori la mume wangu nakwenda kila siku."

Miaka yote nilidhani gunia lile ni la kunikumbusha mimi, kumbe halikuwa langu hata kidogo. Nilitamani kumwambia hana kosa, kwamba hakuna aliyemfundisha, na nilimwambia, lakini aliyapokea maneno yangu kama mtu anavyopokea chai asiyoitaka.

Tulipofika nyumbani Baba alikuwa barazani na binti yangu mkubwa. Jua lilikuwa linalainika. Aliposikia lango aligeuka.

"Mama yangu iko wapi?"

Mama aliingia ndani, nikasikia gunia likiburuzwa sakafuni. Alitoka na sufuria akamwekea Baba mapajani, akaketi kando yake.

"Iko Abuku," akasema. "Alikuwa nachimba sufuria yake."

"Bado?"

"Hapana bado. Amepata. Hii hapa."

Baba aliigeuza. Alipitisha kidole kwenye tundu la jembe, akacheka kidogo, kwa pua.

"Nani namsaidia? Macho yake hapana ona vizuri."

"Mutoto yako," Mama akasema, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Na amekula?"

Mama alimpangusa Baba vumbi la sufuria kwenye goti.

"Amekula. Ameshiba."

Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, akakaa na sufuria yake akitazama barabara. Siku hiyo hakuuliza tena. Nilimwambia Mama kuanzia leo mlango wa usiku ni wangu, nikaifungua ile kamba kwenye kitasa, naye hakubisha. Tuliketi jikoni tukiosha vyombo. Alikuwa akisugua sahani ile ile muda mrefu.

"Ile siku alipoipata," akasema, "mimi nilikuwa sokoni. Alicheka?"

Nikamweleza. Jembe lilivyogonga, magoti, kanga, kicheko cha tumboni, mdomo wazi, jinsi alivyonishika shavu na kuniita kwa jina langu. Mama alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji.

"Eleza tena," akasema.